Wa Mwisho Aanze Kwanza

Kila Julai Nairobi ikishika baridi, vilabu vya mbio navyo hushikwa na huruma. Ghafla kila grupu ya WhatsApp niliyomo ina bango: kilomita 10 kwa ajili ya blanketi, kilomita 21 kwa ajili ya sweta za watoto wa shule, kilomita 5 za familia kwa ajili ya kituo fulani huko Mathare au Mukuru. Lipa thao mbili, pata tisheti, pata medali, pata picha. Na mimi sina shida na kutoa. Baridi ya Julai si mchezo, asubuhi inaweza kushuka hadi digrii 10 hapa, na mtu anayelala kwa nyumba ya mabati haihitaji kuelezwa.

Shida yangu ni mbio zenyewe. Vile zimepangwa. Nitasema hivi na mniite hater mkitaka: mbio za hisani ambazo wote wanaanza pamoja kwa filimbi moja, halafu wenye kasi wanapigwa picha na kwenda kunywa kahawa ya mia nne kabla wa mwisho hajafika, hizo si za hisani. Ni maonyesho ya watu wenye miguu mizuri na viatu vya bei, na jina la maskini limewekwa juu ya bango ndio tusiulize maswali.

Kuna njia nyingine, ya zamani na ya bei rahisi. Inaitwa hendikapu. Mwaka jana nikaileta kwa klabu yetu, tukapiga kura, tukashindwa vibaya. Kapteni alisema, na hii niko nayo kwa maandishi, "hatutaki mbio za nasari." Watu wakaweka emoji za kucheka. Sawa. Hebu basi tuongee kuhusu nasari.

Tuseme ni kilomita 8. Wewe uko fiti, kila kilomita unaichukua kwa dakika 4, kwa hivyo utamaliza kwa dakika 32. Kuna mwenzako wa dakika 6, yeye atamaliza kwa 48. Na kuna mtu anakimbia kidogo anatembea kidogo, dakika 8 kwa kilomita, atachukua dakika 64. Kwa mbio za kawaida wewe unamaliza, unakunywa maji, unanyoosha misuli, unaweka Strava, unaingia kwa gari, na yule bado yuko huko msituni peke yake anasikilizana na tumbili. Kwa hendikapu, yule wa dakika 64 anaachiliwa saa moja kamili asubuhi. Yule wa 48 anaachiliwa saa moja na dakika 16. Wewe bingwa unasimama hapo ukitetemeka mpaka saa moja na dakika 32. Kila mtu akikimbia vile hukimbia siku zote, nyote mnafika kwa utepe saa mbili na dakika 4. Wakati mmoja. Anayeshinda ni yule ambaye siku hiyo amejipita mwenyewe.

Na si ya siku moja. Ni msururu, labda mara nne au tano kuanzia Juni hadi Agosti, na daftari linakufuata. Ukitoa dakika 3 kwa muda wako mara ya kwanza, hongera, mara ya pili utaanza dakika 3 baadaye. Kwa hivyo hakuna mtu anashinda kila wiki, na hakuna mtu anajua kabla ya kuanza kwamba ameshapoteza. Hiyo sentensi ya mwisho irudie polepole. Ni mara ngapi umesimama kwa mbio ukijua tayari kwamba wewe ni wa kujaza nafasi?

Hii sikuiota. Vilabu vingi vidogo vya Uingereza hufanya hivi msimu wao wa baridi, kwenye matope, na mtu mmoja mzee mwenye saa na karatasi akiita majina. Huko Australia, mji unaoitwa Stawell, kuna mbio za Stawell Gift zimekuwepo tangu 1878. Siku hizi ni mita 120 kwenye nyasi, wikendi ya Pasaka, na wakimbiaji hawasimami mstari mmoja: wenye kasi ndogo wanapewa mita mbele, mwenye kasi kuwaliko wote anasimama nyuma kabisa. Mwaka wa 1975 Mmalagasi, Jean-Louis Ravelomanantsoa, alianza kutoka hapo nyuma kabisa na akawapita wote. Mwafrika. Hakuna mtu alimwambia ni mbio za nasari. Kushinda ukitoka nyuma ya kila mtu ndiyo hadithi imebaki mpaka leo, miaka hamsini baadaye.

Lakini sihitaji kwenda Australia. Niende tu Ngong Road.

Mnajua ni mchezo gani Kenya hii umetumia hendikapu kwa miaka na mikaka bila mtu kulalamika? Gofu. Mchezo wa mawaziri, majaji, mameneja wa benki. Royal Nairobi iko tangu 1906. Mzee mmoja mwenye tumbo akicheza na kijana wa timu ya taifa, mzee anapunguziwa mipigo kulingana na hendikapu yake, na kwa mfumo wa sasa wa dunia inaweza kufika hadi 54. Halafu jioni mzee anapewa kikombe, anapiga picha na mdhamini, anaenda nyumbani akijiita mshindi, na ni mshindi kweli. Na mara nyingi hayo mashindano ni ya hisani pia! Kwa hivyo wenye pesa wakijipimia mahali pa kuanzia, huo ni mchezo wa waungwana. Mama wa Kangemi akitaka dakika 30 za mbele, hiyo ni nasari. Mtu anielezee tofauti, nangoja kwa komenti.

Ati michezo ni uwezo mtupu. Buda, Eliud Kipchoge alipokimbia 1:59:40 pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kupokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo, na gari mbele likimwonyesha njia kwa mwanga. Faith Kipyegon alipojaribu kushuka chini ya dakika 4 kwa maili pale Paris Juni 2025, alizungukwa na watu wa kumkatia hewa. Nililia nikiangalia zote mbili, sisemi vibaya. Nasema tu kwamba watu bora zaidi duniani walisaidiwa kuona mwisho wa uwezo wao, na sisi tukapiga makofi. Halafu tukirudi kwa klabu ya Jumamosi tunaanza kuhubiri kwamba mtu ajitegemee. Kipchoge mwenyewe, pamoja na medali zake zote, akiwa kambini Kaptagat alikuwa kwenye zamu ya kusafisha choo kama wengine. Kapteni wetu hawezi hata kubeba katoni ya maji.

Nadhani najua hii roho inatoka wapi. Inatoka primary. Kila mtu aliyesoma shule za huku anakumbuka PE: mwalimu anapuliza filimbi, mzunguke uwanja, kumi wa mwisho wanarudia. Kumi wa mwisho! Yaani mtoto aliyechoka zaidi ndiye anaongezewa, na yule ambaye hajachoka anapumzika kivulini. Miaka minane ya hiyo na unapata taifa la watu wanaosema "mimi si mtu wa mbio" kana kwamba ni ugonjwa walizaliwa nao. Nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa mbio, na watu wengi mtaani kwetu hawajawahi kukimbia kwa raha tangu wamalize darasa la nane. Wanakimbia wakifukuza matatu. Vilabu vingekuwa mahali pa kuponya hiyo kitu, lakini tumechukua ile ile PE tukaiwekea Garmin.

Sasa niwaambie kilichonikasirisha hasa.

Mahali tunakutana Jumamosi kuna mama anauza chai na mayai. Amekuwa hapo kabla ya klabu. Anatujua kwa majina, anajua nani hatumii sukari. Mwaka juzi, ile ya Julai, mtu alimtania, "Mama, leo si ukimbie na sisi." Yeye hakuchukua kama utani. Alilipa thao mbili. Mtu anayeuza mayai. Piga hesabu ni mayai mangapi hayo, usihesabu bei, hesabu faida. Akaja na raba za mtoto wake na leso kichwani, akaacha jirani na sufuria, akaanza nasi kilomita 10 kwa filimbi moja. Baada ya mita mia mbili alikuwa peke yake.

Alimaliza. Sikumbuki dakika, najua ilikuwa inakaribia saa mbili. Nilibaki kwa sababu nilikuwa narekodi kontenti na betri ya pili ilikuwa bado. Alipotokea kwa kona, lile geti la upepo la kumalizia lilikuwa linatolewa hewa, limelala nusu. Meza ya maji ilikuwa imekunjwa. Msichana wa medali akamwambia zimeisha, ingawa tulikuwa tumelipa watu idadi inayojulikana, sijui zingeishaje. Nikamwambia, "Pole sana, Mama." Akasema, "Wacha tu, mwanangu, nimefika." Akafunga leso kiunoni, akaenda kwa thamosi yake, akaanza kuwauzia chai wale vijana waliokuwa wanabomoa geti.

Blanketi za mwaka huo zilikuwa zinapelekwa mtaa anaoishi.

Hapo ndipo mimi nilielewa kwamba tunakimbia kwa niaba ya watu ambao mbio zetu zimepangwa ili wasiweze kuwemo. Wanaruhusiwa kuwa kwenye bango. Wanaruhusiwa kupokea, wakisimama mstari, na sisi tukiwa na tisheti zinazofanana. Kukimbia nasi na kufika nasi, hapana. Na nikisema hivi kuna mtu atajibu, "lakini hakuna aliyemkataza." Kweli. Hakuna aliyemkataza. Tulimwacha tu.

Tuje kwa doh, kwa sababu hapa ndipo watu hunyamaza. Sitataja hesabu za mtu, nitaweka mfano wangu na wewe uweke namba zako. Watu 200, kila mmoja thao mbili, hiyo ni 400,000. Tisheti 600, medali 300, namba na chipu 250: hiyo ni 1,150 kwa kila kichwa, yaani 230,000 imeenda. Imebaki 170,000. Geti la upepo, spika, MC wa kupiga kelele, droni, ambulensi, tuseme 90,000. Imebaki 80,000. Shilingi 400 kwa kila thao mbili uliyotoa ndiyo imefika kwa blanketi. Zingine umejinunulia tisheti na sifa. Ambulensi siigusi, hiyo ni uhai wa mtu. Lakini droni?

Hendikapu haitaki chipu. Fikiria: muda umeshahesabiwa mwanzoni, kwa hivyo mwishoni hakuna hesabu. Anayefika wa kwanza ni wa kwanza. Unahitaji saa moja, orodha, kalamu, na mtu mwenye sauti. Tisheti unayo nyumbani, tena unazo kumi na mbili, nne unadekia. Medali tuwape watatu na wa mwisho. Mimi kwenye hesabu hiyo ya watu 200 naona zaidi ya laki tatu ikifika bila jasho, na bado kuna chai.

Na kama mtu wa kontenti niseme hii moja, labda itawagusa kuliko maskini: picha. Mbio za kawaida, mwisho wake ni mtu mmoja, nafasi tupu, watu wawili, nafasi tupu. Hendikapu ikipigwa hesabu vizuri, watu sitini wanatokea kona ya mwisho ndani ya dakika tano, mzee wa miaka 60 mbele anaangalia nyuma, mkimbiaji wa dakika 4 nyuma anakuja kama bodaboda bila breki, watoto wanapiga nduru. Hiyo video ingefika mbali bila hata kulipia matangazo.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, kwamba watu watadanganya. Watabana nguvu mara ya kwanza ili wapewe dakika nyingi, halafu mara ya tatu wafyatuke. Ni kweli, kila mahali penye hendikapu kuna huyo mtu. Ndiyo maana ni msururu na ndiyo maana kuna daftari: ukifyatuka leo, wiki ijayo unaanza na mabingwa, na kila mtu amekuona. Na tafadhali msiniambie mbio za kawaida hazina wezi. Mnakumbuka Nairobi Marathon ya 2015, jamaa aliyejitokeza karibu na mwisho, akamaliza wa pili, mwili mkavu kama ametoka kwa ofisi? Alikamatwa kwa sababu hakuwa na jasho. Huko kulikuwa na chipu, polisi na kamera.

Hoja nyingine nimeitumiwa kwa DM na mtu wa campo: kwamba Wakenya wamechoka kupangwa kwa madaraja na watu wasiowajua. Anaongelea ule mfumo wa kufadhili vyuo ulioletwa 2023, wa kuweka wanafunzi kwa bendi kulingana na mapato ya familia. Mimi nilitoka campo kwa sababu zangu, hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini marafiki zangu wako ndani na kelele zao nimezisikia: mtoto wa mama mboga kuamka akijipata bendi moja na mtoto wa daktari, na hakuna anayeweza kumwonyesha hesabu ilipigwaje. Sawa kabisa, hiyo ni hendikapu mbovu. Ubovu wake ni kwamba imepigwa gizani, mtu hajui kipimo chake kilitoka wapi, na kulalamika ni safari. Ya kwetu itabandikwa ukutani. Muda wako ni ule uliokimbia wewe mwenyewe wiki tatu zilizopita mbele ya watu. Ukiona dakika zako si sawa, unamshika mwenye daftari hapo hapo mkiwa mmesimama, mnaongea. Mtu aliyeumizwa na mizani mbovu adai mizani nzuri. Kusema tutupe mizani ni kumwachia mwenye duka akadirie kwa jicho.

Wale wanaotaka muda bora wa maisha yao, filimbi moja, chipu na kila kitu, nendeni na amani. Nairobi Marathon iko. Lewa iko, tangu 2000, mbio katikati ya vifaru. Eldoret iko. Kalenda imejaa mbio za wenye mbio na nitawashangilia kando ya barabara. Mimi naongelea Jumamosi tano za baridi, ambazo tumesema kwa mdomo wetu kwamba ni za wengine.

Na kwa sababu nilichekwa nikileta nusu ya wazo, sasa naongeza nusu ya pili. Kila mtu unayempita njiani, unaweka finje kwa kikapu ukifika. Shilingi hamsini. Umeanza wa mwisho, ukapita watu 40, hiyo ni thao mbili, na umejivunia kila moja. Umepita mmoja, toa finje yako moja, asante. Hujapita mtu, hudaiwi kitu, njoo unywe chai. Mwenye viatu vya thao thelathini ndiye atalipa zaidi, na atalipa akicheka, kwa sababu sijaona mkimbiaji hata mmoja asiyependa kuhesabu aliowapita. SHIF inakata asilimia 2.75 ya mshahara wako na hupati hata kupungiwa mkono. Hii angalau utapigiwa nduru.

Tumeanza, na sikuuliza klabu. Tuko watu 19 mpaka sasa kwa grupu mpya, wengi wenu mlitoka hapa. Jumamosi ya pili ya Juni ni ya kupimwa muda tu, kilomita 8, kila mtu akimbie vile anaweza, hakuna mshindi. Wiki tatu baadaye tunaanza kuhesabu. Pesa haziingii kwa simu yangu: mwalimu mkuu wa shule tuliyochagua Mukuru ametupa orodha ya saizi za sweta, tunalipa fundi moja kwa moja, risiti inawekwa kwa grupu siku hiyo hiyo. Mama wa chai nimemwambia. Amesema ataangalia kama jirani atashika sufuria.

Kapteni, najua unasoma hizi post hata kama huweki like. Jina lako nimeshaliandika. Saa moja na dakika 32, nyuma ya wote. Beba sweta, utangoja.